Paul Okalik: aliongozaje Nunavut bila chama, na kwa nini wenzake walimwacha?

Msomaji wetu wa Songea anauliza: "Nimesikia kuna eneo la kaskazini kabisa mwa Kanada linaloitwa Nunavut, na kwamba waziri mkuu wake wa kwanza, Paul Okalik, aliwahi kufungwa jela ujanani na hakuwa na chama chochote. Alipandaje hadi hapo? Alifanya nini cha maana? Na kwa nini walimtoa?"

Ndugu yangu, uliyoyasikia ni kweli, na maswali yako matatu yana mzizi mmoja. Kule Nunavut waziri mkuu hachaguliwi na wananchi moja kwa moja wala hateuliwi na chama. Huchaguliwa na wabunge wenzake, kwa kura ya siri, ndani ya ukumbi mmoja. Njia hiyo ndiyo iliyompandisha Okalik na ndiyo iliyomshusha. Ila wengi wanaomsimulia huanzia siku aliyoapishwa, wakaacha miaka yake kwenye mazungumzo ya ardhi. Mimi naona huko ndiko alikofundwa siasa, na karibu kila alichokifanya baadaye, kizuri na kibaya, kina alama ya huko.

Kwanza mahali penyewe. Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3, na kila moja lina serikali na waziri mkuu wake, mbali na waziri mkuu wa nchi nzima aliyeko Ottawa. Nunavut ndilo kubwa kuliko yote: takriban kilomita za mraba milioni 2, zaidi ya Tanzania mbili. Lakini watu wake hawakufika 30,000 lilipoanzishwa mwaka 1999, na sensa ya 2021 ilihesabu 36,858 tu. Wengi wao, kama asilimia 85, ni Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki. Wametawanyika katika miji na vijiji 25, na hakuna barabara ya kukutoa mji mmoja hadi mwingine. Watu husafiri kwa ndege. Mafuta, mbao, magari na vyakula vya dukani visivyoharibika huja kwa meli wakati wa kiangazi, barafu ya baharini ikishayeyuka. Kilichokosa nafasi melini husubiri mwaka ujao, au kisafirishwe kwa ndege kwa gharama ya kutisha.

Okalik alizaliwa mwaka 1964 Pangnirtung, kijiji cha wavuvi na wawindaji katika Kisiwa cha Baffin, kando ya ghuba nyembamba iliyozungukwa na milima, karibu na mstari wa Duara la Aktiki. Kizazi cha wazazi wake ndicho kilichotolewa kwenye kambi za uwindaji kikawekwa vijijini. Ndicho pia kilichopewa na serikali vibao vidogo vya namba vya kuvaa, kwa sababu maofisa kutoka kusini walishindwa kuandika majina ya Wainuit. Hebu fikiria mtu mzima mwenye watoto na mbwa wake wa kuvuta sleji, mbele ya karani anajulikana kwa namba tu. Utaratibu huo haukukoma hadi miaka ya 1970 ilipoanza. Nautaja kwa sababu hasira iliyozaa Nunavut ilitoka kwenye mambo ya aina hiyo, mambo madogo ya kila siku ofisini, kabla haijafika kwenye madini na mipaka.

Ujana wake haukuwa mzuri, na yeye mwenyewe hakuuficha. Masomo ya sekondari yalimpeleka mbali na nyumbani, hayakwenda sawa, pombe ikaingia, na alipofikisha umri wa miaka 17 hivi alifungwa miezi michache kwa kosa la kuvunja na kuingia. Alipotoka alipitia kazi ya uchomeleaji. Pombe aliiacha akiwa bado kijana. Habari hii ya jela wanahabari waliipenda sana mwaka 1999, nami sioni ubaya kuikumbuka, lakini haielezi alivyopanda. Vijana wengi wa Aktiki walipita humo humo.

Kilichomtofautisha ni kazi aliyoipata katikati ya miaka ya 1980 katika Shirikisho la Tunngavik la Nunavut, chombo kilichozungumza na serikali ya Kanada kwa niaba ya Wainuit. Mazungumzo yalikuwa yameanza tangu miaka ya 1970. Mwaka 1982 watu wa Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, eneo kubwa lililokuwa likibeba Nunavut ndani yake, walipiga kura ya maoni na kukubali eneo ligawanywe. Halafu ikafuata zaidi ya miaka 10 ya kupima ramani, kubishana kifungu kwa kifungu na kurudi vijijini kuwaeleza wazee kilichokubaliwa. Okalik alikuwa miongoni mwa vijana waliokaa kwenye kazi hiyo.

Mkataba ulitiwa sahihi Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut ya leo, tarehe 25 Mei 1993. Uliwapa Wainuit umiliki wa ardhi ya takriban kilomita za mraba 350,000, ambapo sehemu ya kumi hivi ina haki ya madini pia, pamoja na zaidi ya dola bilioni 1.1 za Kanada kulipwa ndani ya miaka 14. Uliilazimisha pia Kanada kuunda eneo jipya lenye serikali yake. Na ndani yake kuna Kifungu cha 23, ambacho nitakirudia, kinachotaka Wainuit waajiriwe serikalini kwa kiwango kinacholingana na idadi yao katika eneo.

Wenzake wengi walipoona kazi imekwisha, Okalik alirudi darasani. Alichukua shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Carleton, kisha sheria Chuo Kikuu cha Ottawa, akahitimu mwaka 1997. Mwanzoni mwa 1999 alikubaliwa rasmi kuwa wakili, Mwinuit wa kwanza wa kaskazini hiyo kufika hapo. Majuma hayo hayo alikuwa anagombea ubunge.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 15 Februari 1999. Viti vilikuwa 19, na mwanamke aliyeshinda alikuwa mmoja tu, Manitok Thompson. (Miaka miwili kabla, wapiga kura walikuwa wamekataa pendekezo la kila jimbo la uchaguzi kutoa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mimi naamini walipoteza nafasi ambayo haijarudi tena.) Okalik alishinda Iqaluit Magharibi.

Sasa tuingie kwenye swali lako la chama. Kila mgombea wa bunge la Nunavut husimama kwa jina lake. Uchaguzi ukiisha, washindi wote hukusanyika ukumbini Iqaluit kwa mkutano wa kuchagua viongozi. Huanza na Spika. Kisha majina ya wanaotaka uwaziri mkuu hutajwa, kila mmoja hutoa hotuba, na wenzake humhoji: utafanya nini kuhusu nyumba, utapeleka ajira wapi, lugha yetu utailindaje. Baada ya hapo hupiga kura ya siri. Mawaziri nao huchaguliwa na wabunge hao hao, kwa kura hiyo hiyo. Waziri mkuu kazi yake ni kugawa wizara kwa watu ambao hakuwachagua yeye. Na kwa kuwa mawaziri ni wachache kuliko wabunge wa kawaida, serikali haina uhakika wa kupitisha hata muswada mmoja bila kuwabembeleza wenzake. Viti vya ukumbi huo vimefunikwa kwa ngozi ya sili, siwa imetengenezwa kwa pembe ya narwali, yule nyangumi mdogo wa Aktiki, na mijadala husikika kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, na kwa Kiingereza, kwa msaada wa wakalimani.

Mwaka 1999 wengi walitarajia Jack Anawak ndiye atakayeshinda. Alikuwa ameshakaa bunge la Kanada, na Ottawa ilikuwa imemteua kuwa kamishna wa mpito wa kuandaa serikali mpya. Kwa sifa za kawaida za siasa, Okalik hakuwa na cha kulinganisha. Hata hivyo tarehe 5 Machi wabunge walimchagua Okalik, na tarehe 1 Aprili, Nunavut ilipozaliwa rasmi, aliapishwa akiwa na miaka 34.

Kwa nini yeye? Ukiniuliza mimi, nitakwambia uzoefu wa Anawak ulimgeuka. Ndiye aliyepanga serikali kwa idhini ya Ottawa, na kila aliyekuwa na lawama juu ya maandalizi alimwona yeye. Okalik alikuwa anaujua mkataba kwa vifungu vyake, hakuwa na deni kwa mtu, na alizungumza kama mtu anayekwenda kuidai Kanada. Wabunge wa bunge jipya walitaka mdai.

Aliyoyafanya ni mengi, lakini nitakaa kwenye moja, kwa sababu ndilo linalomwonyesha vizuri zaidi. Februari 2003 waziri mkuu wa Kanada, Jean Chrétien, aliwaita viongozi wa majimbo na maeneo Ottawa kukubaliana juu ya fedha za afya. Mgao ulipangwa kwa kichwa: watu wengi, fedha nyingi. Kwa jimbo kama Ontario hilo ni sawa. Kwa Nunavut ni maumivu. Mama mjamzito mwenye matatizo katika kijiji cha Kisiwa cha Baffin lazima arushwe kwa ndege hadi Iqaluit, na hali ikiwa nzito arushwe tena hadi Ottawa, zaidi ya kilomita 2,000. Anayeishi Rankin Inlet hupelekwa Winnipeg. Ndege, muuguzi wa kumsindikiza, malazi ya ndugu, vyote hivyo hulipiwa na bajeti ya afya ya watu wasiofika 30,000. Kugawa kwa kichwa ni kusema kwamba ndege ya kumbeba mgonjwa huyo haina gharama.

Okalik na wenzake wawili wa kaskazini, Stephen Kakfwi wa Maeneo ya Kaskazini-Magharibi na Dennis Fentie wa Yukon, walikataa. Viongozi wa majimbo makubwa walikubali, wao watatu wakatoka bila kukubali. Ilikuwa hatari kubwa, maana karibu asilimia 90 ya bajeti ya Nunavut hutoka serikali kuu, na mtu anayekulisha kwa kiasi hicho si rahisi kumgomea hadharani. Kabla mwezi haujaisha Ottawa iliongeza dola milioni 60 kwa maeneo matatu. Fedha hizo hazikumaliza tatizo. Lakini hoja kwamba umbali nao uhesabiwe ilikubaliwa. Kwangu mimi hii ndiyo saa yake bora madarakani, na aliifikia kwa mbinu ya meza ya mkataba: kusoma maandishi, kuona kilichofichwa ndani yake, na kukataa kutia sahihi.

Yako mengine. Sheria ya haki za binadamu ilipitishwa mwaka 2003. Mwaka 2008 zilipitishwa sheria mbili za lugha, mojawapo ikiwa ya kulinda Kiinuktitut shuleni, kazini na katika huduma. Serikali yake ilisaidia pia shule ya sheria ya Akitsiraq, iliyoendeshwa Iqaluit na Chuo Kikuu cha Victoria pamoja na Chuo cha Aktiki cha Nunavut ili wanafunzi wasilazimike kuhama kwenda kusini. Mwaka 2005 ilitoa wanasheria 11. Eneo lililokuwa na wakili mmoja Mwinuit likapata 11 kwa mkupuo.

Yapo pia yaliyokwenda kombo. Mwaka 1999 serikali iliamua eneo zima, lenye kanda tatu za saa, litumie saa moja, kwa nia njema ya kuwaunganisha watu. Watoto wakajikuta wanakwenda shule gizani zaidi, miji ikagoma, mingine ikaendelea na saa zake, na mwaka 2001 mpango ukaachwa. Zito zaidi lilikuwa la kusambaza idara za serikali nje ya Iqaluit. Wazo lenyewe lilikuwa la haki, kwamba kazi zenye mshahara mzuri zisirundikane mji mkuu. Lakini ukihamishia idara kijiji kisicho na nyumba za wafanyakazi wala wahasibu, nafasi hubaki wazi miaka. Na kila ajira inayopelekwa mahali pamoja imetoka mahali pengine. Mwaka 2003 kitengo cha mafuta kilipoamriwa kuhamishwa kutoka Rankin Inlet kwenda Baker Lake, Anawak, ambaye Okalik alikuwa amempa wizara, alisimama upande wa watu wake wa Rankin Inlet na kuipinga serikali aliyokuwa ndani yake. Bunge lilimvua uwaziri.

Kuhusu Kifungu cha 23, jaji wa zamani Thomas Berger alipewa kazi ya kuchunguza kwa nini hakitekelezwi. Taarifa yake ya mwaka 2006 ilikuta Wainuit ni kama asilimia 45 tu ya watumishi wa serikali, tena wengi wao katika ngazi za chini. Alirudisha lawama kwenye shule: watoto huanza kwa lugha yao, kisha hugeuziwa Kiingereza katikati ya njia, na robo tatu hawamalizi sekondari. Alitaka elimu ya lugha mbili igharimiwe ipasavyo. Ottawa haikutoa fedha hizo kwa kiwango alichosema. Hapo mimi siwezi kumtwika Okalik mzigo wote, ingawa serikali yake ingeweza kuipa elimu uzito mapema zaidi kuliko ilivyofanya.

Alichaguliwa tena mwaka 2004, akimshinda Tagak Curley, mkongwe wa harakati za Wainuit. Muhula wa pili ulimchosha yeye na wenzake. Kulikuwa na malalamiko kwamba ofisi yake haisikilizi, na mwaka 2007 alimtolea maneno machafu mwanamke aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya serikali za mitaa. Aliomba radhi, lakini bunge lilimkaripia rasmi. Katika mfumo wa vyama, jambo kama hilo chama kingemfunika hadi upepo upite. Yeye hakuwa na chama cha kumfunika. Waliompigia kura ya kumkaripia ndio hao hao ambao angehitaji kura zao baadaye.

Novemba 2008, baada ya uchaguzi mkuu, mkutano wa kuchagua viongozi ulikuwa na majina matatu: Okalik, Curley na Eva Aariak, ambaye katika uchaguzi wa Oktoba ndiye mwanamke pekee aliyekuwa ameshinda. Wabunge walimchagua Aariak. Sioni kwamba walimtoa Okalik kwa sera moja. Miaka tisa ni mirefu kwa mtu anayelazimika kuombwa na kuomba kila siku ndani ya chumba kimoja, na ukali uliomfaa mbele ya Ottawa haukumfaa mbele ya majirani.

Alibaki bungeni, akawa Spika mwaka 2010. Mwaka uliofuata aliacha kiti hicho akagombea ubunge wa Kanada kwa tiketi ya chama cha Liberal. Kwa hiyo usidhani vyama vimepigwa marufuku kule: katika siasa za nchi nzima vipo na watu hujiunga navyo, ila ndani ya bunge la Nunavut havitumiki. Alishika nafasi ya pili nyuma ya Leona Aglukkaq, waziri wa afya wa Kanada wakati huo. Mwaka 2013 alirudi bunge la Nunavut, na akawa waziri katika serikali ya Peter Taptuna.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia haraka. Mwaka 2015 wakazi wa Iqaluit walipiga kura ya maoni, na zaidi ya robo tatu walitaka duka la bia na mvinyo lifunguliwe mjini, wakiamini litapunguza ulanguzi wa pombe kali. Okalik, waziri wa afya, alikuwa na hoja moja: Nunavut nzima haikuwa na kituo cha kutibu walevi. Anayetaka msaada alipandishwa ndege kwenda kusini, mbali na ndugu na mbali na lugha yake. Kituo kwanza, alisema, duka baadaye. Machi 2016 alijiuzulu uwaziri kuliko kuunga mkono duka hilo.

Alikwenda kinyume na wapiga kura wa mji anaouwakilisha, na alijua. Duka lilifunguliwa 2017, na mwaka huo huo alishindwa ubunge na Elisapee Sheutiapik. Watu wenye busara wamebishana kama alikuwa sahihi kuhusu duka lenyewe. Kuhusu kituo cha tiba alikuwa sahihi kabisa, na ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa cheo chochote alichoshika. Miaka kadhaa ilipita ndipo ujenzi wa kituo Iqaluit ukaanza.

Baada ya siasa alikwenda kufanya kazi ya uhifadhi wa Aktiki katika tawi la Kanada la shirika la WWF. Jambo alilolidai tangu mwanzo, Nunavut imiliki maamuzi ya ardhi ya serikali na mapato ya madini, lilichukua miaka mingi zaidi. Mkataba wa ugatuzi ulitiwa sahihi Iqaluit Januari 2024, kati ya P.J. Akeeagok, waziri mkuu wa Nunavut wakati huo, na Justin Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wakati huo, na makabidhiano yamepangwa kukamilika ifikapo tarehe 1 Aprili 2027. Ukitaka kufuatilia eneo hili, angalia tarehe hiyo, halafu angalia ni Wainuit wangapi watakaokuwa wamekaa kwenye ofisi zitakazotoa vibali vya migodi. Hicho ni Kifungu cha 23, na bado hakijatimizwa.